Kibubu cha Wanawake Kumi na Tisa

Jumatatu, 4 Septemba

Daftari jipya. Kila nikianza daftari huandika kwanza mambo yalivyo, ili baadaye nisijidanganye kwamba yalikuwa vingine.

Mambo yalivyo: nina miaka arobaini na saba. Natengeneza nywele za wanawake wazee majumbani mwao hapa Fleetwood, pwani ya Uingereza. Nina begi la rola, draya mbili na gari dogo lenye kutu mlangoni. Sina bosi. Naishi na Mama tangu Baba afe. Wiki nzuri napata vichwa ishirini, wiki mbaya tisa, na wateja wangu hawaongezeki, wanazikwa. Tangu Machi serikali inanijazia pengo kila mwezi. Tarehe saba naripoti nilichoingiza na nilichotumia kazini, tarehe kumi na nne wanalipa.

Mama hajui. Mama ana maneno yake kuhusu watu wanaolishwa na serikali, na ameyasema jikoni maisha yangu yote. Akaunti yangu ya kawaida ni ya pamoja naye, ya kulipia bili, na taarifa ya benki ikija kwa posta yeye huisoma mstari kwa mstari kwa kioo cha kukuzia. Kwa hiyo niliwaandikia ofisi ya msaada waweke pesa zao kwenye akaunti ya biashara, ambayo naiona mimi tu kwenye simu.

Halafu kuna kibubu. Wanawake kumi na tisa wa mtaa wetu wananipa kila Ijumaa pauni tano, au nane, au kumi, na Jumamosi ya kwanza ya Desemba kila mmoja anarudishiwa zake zote kwa ajili ya Krismasi. Mama alikitunza miaka ishirini na miwili kwenye bati la biskuti juu ya kabati, na haikupotea hata senti moja. Januari macho yake yalipomshinda alinikabidhi mimi. Mimi nikaona bati ni mambo ya kizamani. Nazipeleka benki, kwenye akaunti hiyo hiyo ya biashara. Nilijisifu sana kwa hilo.

Vichwa vinne leo. Upepo kutoka baharini.

Ijumaa, 8 Septemba

Kibubu, pauni 151. Bi Hilda Rimmer alilipa tano zake kwa sarafu, amezipanga kwenye kikombe cha yai. Ana miaka themanini na sita. Zake ni nauli ya kwenda Hull kwa dada yake Nora, hawajaonana huu mwaka wa sita.

Jumatatu, 11 Septemba

Ujumbe wa benki kwenye simu, na nakala yake kwa posta. Wanasema wameona kwenye akaunti ya biashara malipo ya binafsi kutoka serikalini, na pesa taslimu kila Ijumaa zisizolingana na aina ya kazi niliyowaandikia. Wanaomba maelezo ndani ya siku thelathini.

Nimeisoma mara mbili nikiwa garini. Kisha nimeiweka kwenye droo ya kitanda, chini ya soksi.

Alhamisi, 14 Septemba

Msaada umeingia. Mvua inapiga kwa ubavu.

Jumatano, 20 Septemba

Kwa Bi Doreen Sharrock, jirani yetu wa ukuta mmoja. Mama alikuja kukaa naye wakati namtia rola. Doreen akiwa na rola kichwani hazungumzi, anahutubia.

"Umemwona yule wa namba kumi na nne, Marlene? Kaletewa televisheni kubwa kama mlango. Na kazi hafanyi."

"Kwa pesa zetu," Mama akasema.

"Mgongo unamuuma, eti. Mgongo unaouma haubebi televisheni."

"Sisi meli za uvuvi zilipokufa hapa tulikula viazi na chumvi. Hatukwenda kuomba kwa mtu."

Doreen alimtazama Mama kwenye kioo, akakunja uso. Nilidhani rola imembana. Nikailegeza.

"Gaynor mwanangu," akaniambia, "wewe shika begi lako hivyo hivyo. Mtu wa kazi yake anajulikana hata anavyotembea."

Nikasema ndiyo, Bi Doreen. Masikio yalikuwa ya moto hadi nilipofika kwenye gari.

Ijumaa, 29 Septemba

Kibubu, pauni 151. Barua bado iko chini ya soksi.

Jumamosi, 7 Oktoba

Siku ya kuripoti. Ofisi ya msaada nayo ina shajara yangu, iko mtandaoni. Unaandika, wao wanasoma, siku nyingine wanajibu. Nimeandika: niliingiza 612, nilitumia 148, petroli na dawa za nywele. Yote kweli. Mle mna kila kitu changu isipokuwa hofu. Hii ya karatasi ndiyo inabeba hofu.

Jumatano, 11 Oktoba

Siku thelathini zimekwisha jana. Hakuna kilichotokea. Nilikula samaki na chipsi nikiwa garini nikitazama mvua, nikajiambia labda wamesahau.

Jumanne, 17 Oktoba

Ukumbusho wa pili. Droo.

Mimi ndiye mtu ambaye huandika tarehe chini ya kila chupa ya dawa ya nywele nikiifungua. Naandika hili ili liwepo mahali.

Ijumaa, 27 Oktoba

Kibubu, 151. Bi Hilda amefunga kofia ya nailoni juu ya nywele nilizomseti, akatoka kunisindikiza hadi kwenye gari. Upepo ukaing'oa kofia ukaipeleka mpaka kwenye reli ya tramu. Akacheka mpaka akashika ukuta. "Nora hatanitambua," akasema. "Atadhani wamemtumia ufagio."

Basi la Hull lenye nauli nafuu linakatiwa tiketi mwisho tarehe 2 Desemba, siku ya kibubu. Ameizungushia tarehe hiyo duara jekundu kwenye kalenda.

Ijumaa, 10 Novemba

Nimekusanya 151 asubuhi, nikazipeleka kaunta ya posta, ambako benki yangu hupokelea taslimu, kama kawaida, zikapokelewa. Saa nane mchana nilitaka kununua petroli. Kadi ikakataa. Nikafungua simu: akaunti imezuiwa, piga namba hii.

Nilikaa kwenye simu dakika hamsini, garini, nje ya kituo cha mafuta. Mwanamke wa benki anaitwa Lorna. Sauti yake haikuwa mbaya, na hilo lilinisumbua zaidi.

"Hizi taslimu za kila Ijumaa ni za nini?"

"Ni za majirani."

"Ni wateja wako?"

"Wengine."

"Kwa hiyo ni malipo ya kazi."

"Hapana. Ni zao. Wananiwekea mimi, Desemba nawarudishia."

"Unawalipa riba?"

"Nawalipa chai na keki."

Akaandika kitu. Nilisikia vidole vyake.

"Na hii ya serikali, tarehe kumi na nne kila mwezi? Masharti ya akaunti yanasema ni ya biashara tu. Kwa nini haiendi kwenye akaunti yako binafsi?"

Nilitazama pampu ya mafuta. Mwanamume alikuwa anafuta kioo cha gari lake.

"Kwa sababu mama yangu angeiona," nikasema.

Vidole vya Lorna viliacha kuandika. Kisha akasema, taratibu, "Tuliandika mara mbili, Bi Tattersall."

"Najua. Niliziweka kwenye droo."

Wanachotaka: barua yangu inayoeleza kila pesa, na orodha ya wenye kibubu, majina, anwani, kiasi cha kila mmoja, na sahihi zao wote kumi na tisa. Wakipokea, siku kumi za kazi. Nikamwambia siku ya kulipa ni tarehe 2. Akasema anasikitika.

Ndani mna pauni 6,795 za watu. Na zangu mwenyewe 90.

Nimerudi nyumbani kwa petroli iliyobaki. Mama aliuliza mbona nimepauka. Nikasema draya imenichosha.

Jumapili, 12 Novemba

Nimeandika orodha kwa mwandiko safi. Majina kumi na tisa, kiasi pembeni. La mwisho ni Mama mwenyewe, pauni kumi kwa wiki.

Jumatatu, 13 Novemba

Nimepita nyumba sita. Kila mlango nilisema maneno yale yale: ni kompyuta ya benki, wanakagua kila mtu, saini hapa tu. Sita wamesaini. Bi Hilda alisaini bila hata kutafuta miwani. "Wewe ni mtoto wa Marlene," akasema. Ningeona nafuu kama angenitukana.

Jumanne, 14 Novemba

Msaada umeingia kwenye akaunti iliyofungwa. Naweza kuuona, siwezi kuugusa.

Jumatano, 15 Novemba

Wengine watano. Kumi na mmoja jumla. Kisha Bi Doreen.

Alivaa miwani, akasoma karatasi yote, akageuza nyuma kama kuna kitu.

"Kompyuta," akasema.

"Ndiyo."

"Benki haifungi pesa za mtu bure, Gaynor. Mume wangu aliweka benki ile ile miaka thelathini, hawakumfungia hata kalamu."

"Ni taratibu mpya, Bi Doreen."

"Basi wakinieleza hizo taratibu nitasaini. Mimi sisaini nisichokielewa. Nilishasaini cheti cha ndoa hivyo, nikakoma."

Alinirudishia karatasi. Hakunifukuza. Alinipa hata biskuti, nikala, kwa sababu tangu asubuhi nilikuwa sijala.

Ijumaa, 17 Novemba

Kibubu: wanane tu ndio waliolipa. Wengine hawakufungua mlango, na televisheni zao nazisikia. Pesa nimeziweka kwenye bati la biskuti. Nililichukua juu ya kabati Mama akiwa chooni.

Jumatatu, 20 Novemba

Bi Kathleen wa namba tisa amevunja miadi ya nywele. Bi Enid pia. Mvua ya mawe.

Jumatano, 22 Novemba

Nakula mkate wa kuchoma asubuhi na jioni. Nimemwambia Mama najipunguza mwili. Amesema, "Upunguze nini? Wewe ni fimbo ya pazia."

Ijumaa, 24 Novemba

Nilikuwa nimeinama nikitafuta funguo zilizoanguka kati ya gari na ukingo wa barabara. Mama alikuwa mlangoni kwetu na Bi Kathleen alikuwa anapita, hawakuniona.

"Wanasema kibubu hakipo, Marlene," Kathleen alisema. "Mimi sisemi. Wanasema Gaynor kakigusa, kwa vile kazi yake haiendi."

"Nani wanasema?"

"Watu."

"Waambie watu mimi nilitunza pesa zao miaka ishirini na miwili, na mwenye kutunza sasa nimemzaa mimi. Kama amesema ni kompyuta, basi ni kompyuta. Naapa kwa kaburi la Harold."

Harold ni Baba.

Nilibaki nimeinama nyuma ya gari mpaka Kathleen alipopinda kona. Magoti yalilowa. Nilikuwa nimezoea kudanganya kwa ajili yangu. Sasa Mama anaapa kwa uongo wangu mbele ya mtaa, na hajui kwamba ni uongo.

Jumapili, 26 Novemba

Nilikusudia kumwambia wakati wa chakula. Akaanza kuzungumzia televisheni ya namba kumi na nne. Nikaosha vyombo.

Alhamisi, 30 Novemba

Sahihi kumi na moja. Nane hazipo, na ya Mama ni mojawapo. Sijampelekea karatasi. Bila kumi na tisa Lorna hafungui.

Jumamosi, 2 Desemba

Siku ya kibubu. Naandika yote.

Ukumbi wa kanisa, saa nne asubuhi, kama kila mwaka. Mama alikuwa amepanga vikombe. Wamekuja wote, hata wasionifungulia mlango. Kawaida siku hii inakuwa na kelele. Leo nilisikia birika likichemka. Bi Hilda amekuja na koti lake zuri na mkoba wa safari mdogo, wa kwenda kukatia tiketi moja kwa moja.

Meza ilikuwa tupu. Kawaida ina bahasha kumi na tisa.

Nilisimama. Nilikuwa nimeandika la kusema kwenye karatasi, lakini nikaiweka chini.

Nikasema pesa zao zipo, hazijaguswa, pauni 6,795, na kwamba sina hata moja ya kuwapa leo ila za wiki tatu zilizo kwenye bati. Nikasema si kompyuta. Nikasema benki iliniandikia Septemba na Oktoba, nikaficha barua chini ya soksi. Bi Enid akasema, "Chini ya soksi?" kana kwamba hilo ndilo baya zaidi.

"Kwa nini walikuandikia?" Doreen akauliza. Alikuwa amekaa mstari wa mbele, mkoba magotini.

"Kwa sababu niliingiza kwenye akaunti ya kazi vitu ambavyo si vya kazi. Kibubu chenu. Na pesa za msaada."

"Msaada gani?"

"Wa serikali. Napokea tangu Machi. Kazi hainitoshi. Niliuficha huko ili Mama asiuone kwenye taarifa yetu ya benki."

Sikumtazama Mama. Nilimsikia akiweka kikombe kwenye kisosi, akikosea, akiweka tena.

Nikasema nilichobaki nacho: kwamba niliwadanganya mlango kwa mlango, na Mama aliwaapia kwa sababu aliniamini, kwa hiyo wasimhesabie kosa yeye. Kwamba wakisaini sasa, benki itafungua katikati ya mwezi. Kwamba Bi Hilda atakosa basi la nafuu na kosa ni langu.

Kathleen alitazama viatu vyake. Mtu nyuma akasema, si kwa sauti ndogo sana, "Na mimi nilikuwa nampa bakshishi."

Nilistahili.

Kisha Doreen akafungua mkoba akatoa kalamu. Hakuinuka.

"Mwaka themanini na mbili," akasema, akiwa anaizungumzisha meza, "mume wangu hana meli, nami nina watoto watatu. Nilikuwa na kitabu cha msaada. Ningeweza kuchukulia pesa posta ya hapa, hatua mia mbili. Nikawa napanda tramu hadi Cleveleys kila Alhamisi, kwa sababu kule hakuna anayenijua. Watu wakiniuliza, nakwenda kununua mapazia. Miaka miwili nilinunua mapazia. Nyumba yangu ina madirisha manne."

Wawili watatu wakacheka puani.

"Na tramu ilikuwa na watu," Doreen akasema.

"Doreen," Mama akasema. Neno moja tu.

"Nasema habari zangu, Marlene. Sijamtaja abiria mwingine."

Nikamtazama Mama basi. Alikuwa mwekundu kuanzia shingoni, anapangusa kisosi kikavu kwa kitambaa. Nilijua rangi ile. Huwa naiona kwenye kioo changu cha gari. Niliona haya kumwona nayo, mbele ya watu, kwa sababu yangu, nikageuza macho.

Doreen akasaini. "Sasa nimeelewa ninachosaini," akasema. "Na mwakani kibubu nitatunza mimi. Kwenye bati." Hakuna aliyepinga. Na mimi sikupinga.

Wamesaini na wale saba waliobaki. Wa mwisho Mama. Alisaini bila kioo chake, mstari ukaenda kombo, ukapita juu ya jina la Kathleen.

Bi Hilda alinijia nikikunja meza. Nikamwambia nitamtafutia nauli.

"Utaitoa wapi, mwanangu?" akauliza. Hakukejeli. Alitaka kujua kweli. Akanipigapiga mkononi. "Nitakwenda Pasaka. Nora haendi popote."

Wana miaka themanini na sita na themanini na tisa.

Mama na mimi tulirudi kwa miguu. Upepo ulimvuruga Mama nywele zote nilizomseti jana, na hakuinua mkono kuzishika.

Jumatatu, 4 Desemba

Nimetuma barua na orodha. Nimeiandikia shajara ya serikali: kwamba kwenye akaunti yangu mlikuwa na pesa za majirani, si akiba yangu, nakala ya orodha hii hapa, na kwamba kuanzia sasa msaada uingie kwenye akaunti ya pamoja. Kidole kilikaa juu ya kitufe cha kutuma muda mrefu kuliko nilivyotaka. Wamejibu mchana: wamepokea, nisubiri.

Mama anapika, tunakula, anasema "chumvi" na "asante".

Ijumaa, 8 Desemba

Vichwa viwili tu. Kathleen sasa anatengenezwa nywele na mtu wa Blackpool.

Ijumaa, 15 Desemba

Lorna amepiga mwenyewe. Akaunti iko wazi. Nitakuwa nayo siku sitini za kuhamisha kilicho changu, kisha wataifunga kabisa, wanasema ndivyo uamuzi ulivyo. Nimemshukuru. Akasema, "Mama yako aliiona?" Nikasema bado.

Jumamosi, 16 Desemba

Bahasha kumi na tisa, mlango kwa mlango. Kila mmoja alihesabu mbele yangu. Miaka yote ya Mama hakuna aliyewahi kuhesabu. Bi Hilda pia alihesabu, taratibu, kwa vidole vyake vinavyouma, kisha akaomba radhi kwa kuhesabu.

Basi la kawaida kwenda Hull ni zaidi ya mara mbili ya lile. Amenunua makaa na bata mzinga mdogo.

Jumatatu, 25 Desemba

Mama, mimi, Doreen na Bi Hilda mezani. Bi Hilda alimpigia Nora simu, wakapigiana kelele kwa sababu wote hawasikii.

Ijumaa, 5 Januari

Doreen alipita asubuhi kukusanya kibubu cha mwaka mpya, amebeba bati letu chini ya kwapa. Nilimpa tano. Akaniandikia kwenye kijitabu, akanionyesha niione. Mtaa wote utajua alinionyesha.

Posta ikaleta taarifa ya benki. Ningeweza kuichukua mlangoni kabla ya Mama. Nilikuwa karibu zaidi. Nilimwacha aiokote.

Alikaa mezani, akawasha taa, akatoa kioo cha kukuzia. Nikaendelea kuosha rola kwenye sinki. Anasoma kwa kidole. Maji, kodi ya halmashauri, simu. Kidole kikafika tarehe kumi na nne Desemba, kikasimama. Rola moja nikaiosha mara tatu.

"Gesi imepanda," Mama akasema.

"Imepanda, Mama."

Kidole hakikuondoka pale.

"Mapazia ya chumbani kwangu yamechakaa," akasema baadaye. "Jumamosi ijayo kama huna kazi, tungepanda tramu. Tukatazame Cleveleys."

Nikasema sina kazi. Hakuinua macho kutoka kwenye karatasi, na mimi sikugeuka kutoka kwenye sinki, kwa hiyo hakuna aliyemwona mwenzake.

Alipokwenda kulala mchana nilikunja taarifa nikaipeleka chumbani kwangu, nikafungua droo. Kisha nikairudisha jikoni nikaiacha mezani, imefunguliwa.